Misingi ya Klostrolojia: Tobo, Benchi na Kitenge katika Makanisa ya Uwanda wa Ruzizi

Mwanafunzi, kaa. Lakini usikae ovyo. Kaa ukijua umekaa wapi, kwa maana somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye tangu abatizwe anakalia benchi la kanisa bila kujiuliza benchi hilo linamfanyia nini, na anatazama ukuta wenye matobo Jumapili baada ya Jumapili akidhani ni ukuta tu. Ujinga huo unakoma leo.

Elimu tunayoifungua inaitwa Klostrolojia. Inachunguza kila kitu kinachopitisha nuru ndani ya kanisa na kila kitu kinachoipokea nuru hiyo, kuanzia tofali la klostra lililo juu ukutani hadi kisogo cha mwimbaji wa safu ya nyuma. Ina matawi mawili. La kwanza ni Tobolojia, elimu ya matobo. La pili ni Kaliolojia, elimu ya vikalio vitakatifu. Wapo wanaodai kwamba matawi haya yangefundishwa mbalimbali. Hao tutawajibu mwishoni iwapo nafasi itabaki. Haitabaki.

Uwanja wetu wa utafiti ni barabara ya taifa namba 5 ya Kongo, kutoka Kamanyola kuteremka Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba hadi Uvira mjini, milima ya Mitumba ikiwa upande wa kuume wa msafiri na mto Ruzizi upande wa kushoto. Njiani ipo Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wapatao 30 au zaidi waliuawa pale, baadhi yao wakiwa kwenye ibada. Hapo daftari linafungwa, na mwanafunzi mwenye adabu anavua kofia mpaka tutakapokuwa tumepita.

Tumepita. Fungua ukurasa mpya.

Kabla ya kuingia katika tobo lenyewe, sharti ulijue dirisha la rangi la Ulaya, kwa sababu kila taaluma inahitaji kitu cha kupingana nacho. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lina madirisha ya vioo vya rangi takriban 176, mengi yakiwa ya karne ya 12 na ya 13. Mafundi walikata vioo vipande vipande, wakaviunga kwa vijiti vya risasi kama nguo ya viraka, wakavipandisha juu. Mwaka 1939, vita vikiwa mlangoni, madirisha hayo yalishushwa yakaenda kufichwa, na baadaye yakarudishwa. Hilo ndilo tendo la juu kabisa katika historia ya elimu yetu: taifa zima kuhofia tobo litakalobaki kioo kikiondoka. Uwandani kwetu tobo limekuwepo tangu mwanzo, wala hakuna wa kulishusha.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa pana kiini cha uchungu. Bluu ya vioo hivyo hutokana na kobalti. Nyekundu hutokana na shaba. Manganizi hutoa zambarau. Na ni nchi gani, mwanafunzi, inayochimba kobalti nyingi kuliko zote duniani, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa kila mwaka? Ni nchi ambayo umeikalia. Kobalti ya Kolwezi, pamoja na shaba ya Katanga iliyolala nayo ardhini, ingetosha kupaka rangi kila dirisha la kila parokia kutoka Moba hadi Aru, ikabaki ya kupaka na ofisi za serikali. Badala yake inapakiwa kwenye malori na kwenda kuwa betri za simu na za magari. Kobalti ya Chartres haikutoka kwetu, nakiri kwa ajili ya haki ya kisayansi. Lakini ya kwetu nayo haikutufikia. Wachumi wana majina mengi ya jambo hili. Sisi wanaklostrolojia tunaliita Bluu Iliyopita Njia, na katika mtihani utaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Majirani zetu wa mashariki walibahatika mapema. Kule Zanzibar, jiwe la msingi la kanisa la Kristo, lililojengwa na Edward Steere aliyekuja kuwa askofu, liliwekwa mwaka 1873, juu ya soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka uleule, na ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, Chitambo. Humo pia zimo nguzo ambazo, kama inavyosimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu akiwa safarini. Na hazikupinduliwa tena. Dar es Salaam wamisionari Wajerumani walijenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu kati ya 1897 na 1902, na nyuma ya altare yake vioo vya rangi vinawaka mpaka leo. Makanisa hayo yote mawili yako pwani. Shehena ya kioo ikishuka melini, kanisa liko palepale.

Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 walifungua misioni ya Kibanga, ng'ambo yetu hii, wakaiita Lavigerieville. Mwaka 1885 wakapokea Mpala. Kila kitu chao kutoka ng'ambo kilisafiri kwa miezi juu ya vichwa vya wapagazi kutoka Bagamoyo: vitabu, dawa, divai ya misa. Mtu mwenye akili akitakiwa kuchagua kitu cha kumtwisha mpagazi kwa safari ya namna hiyo, dirisha la kioo litakuwa la mwisho katika orodha yake. Ndiyo maana nasema kwamba uhaba wa vioo katika eneo la ziwa hautokani na umaskini wa imani. Umetokana na shingo ya binadamu.

Parokia za Uvira, kwa sehemu kubwa, ni za kizazi cha baadaye. Wamisionari Waksaveri kutoka Italia waliingia mwaka 1958. Jimbo likaundwa mwaka 1962, Danilo Catarzi akiwa askofu wake wa kwanza. Tarehe hizi si za kukariri kwa ajili ya sifa. Miaka ya hamsini na ya sitini ndiyo enzi ya dhahabu ya simenti katika nchi za joto, na kila msanifu majengo aliyetaka hewa bila kulipia kioo alikimbilia kwenye klostra. Kanisa letu lilizaliwa katika saa yake.

Tuingie sasa katika Tobolojia.

Klostra ni tofali la simenti lililotobolewa kwa makusudi. Neno «makusudi» ndilo linalolitenga na tofali lililotobolewa na risasi, ambalo uwandani nalo lipo, lakini linasomwa katika idara nyingine. Fundi hulifyatua hivi: huchekecha mchanga wa mto, huuchanganya na simenti ukiwa na maji kidogo tu, hupaka kalibu mafuta machafu ya injini ili tofali lising'ang'anie, hushindilia kwa kijiti mpaka kwenye kona, kisha huinua kalibu polepole akiwa amebana pumzi. Akipumua kabla ya wakati, kona inaanguka. Tofali hukaa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa, na mtoto mmoja hulindishwa ili mbuzi wasilikanyage. Mtoto huyo ndiye mlinzi wa kwanza wa sanaa takatifu, ingawa yeye anadhani anafukuza mbuzi.

Aina za tobo ni tano.

Aina ya kwanza ni Tobo-Msalaba. Nuru inapopita humo hutupa msalaba sakafuni, na msalaba huo hutembea kadiri jua linavyopanda. Msalaba ukiwa mbele ya altare mahubiri yanapoanza, na kufikia benchi la pili kabla ya «Nasadiki», basi padri amezidisha. Hii ndiyo saa pekee ya kanisani isiyohitaji betri, na mapadri wengi hawaipendi.

Aina ya pili ni Tobo-Ua, lenye petali nne. Sifa yake kuu ni kukusanya buibui.

Aina ya tatu ni Tobo-Wimbi, na ya nne ni Tobo-Mraba. Tofauti yao itajulikana kwa mwenye macho.

Aina ya tano, ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huidharau na wa mwaka wa nne huililia, ni Tobo-Zibwa: tobo lililozibwa kwa gunia, gazeti, kopo la nyanya au kanga kuukuu, kwa amri ya mtunza sakristia, kwa sababu ya popo au ya mvua inayopigwa na upepo wa ziwani. Je, Tobo-Zibwa bado ni tobo? Shule ya Uvira inasema ndiyo, kwa kuwa nia ya mjenzi haizibwi kwa gunia. Shule ya Sange inasema hapana, kwa kuwa nuru haiulizi nia ya mtu. (Shule zote mbili ni mimi, kulingana na mahali nilipolala.) Nyuma ya hilo lipo swali zito zaidi: klostra ni lile tobo, au ni simenti inayolizunguka? Ukiondoa simenti, tobo linapotea. Ukijaza tobo, simenti inabaki lakini inakuwa ukuta. Nakushauri usilijadili swali hili wakati wa kula.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni hukisahau. Nuru ya misa ya kwanza uwandani hutoka Burundi. Jua huchomoza nyuma ya milima ya upande ule, huvuka Ruzizi bila daraja, na kuingia kanisani kwetu bila kusimama mpakani Kavimvira wala kulipa hata faranga moja ya ushuru. Jioni mambo hugeuka: Mitumba hulimeza jua mapema kuliko kalenda inavyoruhusu, na misa ya jioni huanza katika kile ninachokiita Nuru-Deni, yaani mwanga wa kukopa, ambao katikati ya Mageuzo hudaiwa na kurudishwa. Hapo jenereta hukohoa nje, bafle hukoroma, na utafiti wangu husimama.

Majira nayo yana neno. Kati ya Juni na Agosti malori hupita barabarani yakiinua vumbi, na vumbi hilo huingia kwa klostra pamoja na nuru. Katika mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeosha hewa, nuru huingia isionekane mpaka iguse sakafu. Ile ya kiangazi naiita Nuru-Mwili, ya masika naiita Nuru-Roho. Katika Nuru-Mwili unaiona mihimili yenyewe, imesimama kuanzia ukutani mpaka chini, minene, ya rangi ya udongo, na mtoto asiyekatazwa hunyoosha mkono aishike.

Vioo vya nako, yaani vile vipande vya kulala vinavyofunguliwa kwa mkono wa chuma, navipitia haraka. Kimoja kati ya vitatu huwa kimetoka, na mahali pake pamewekwa kadibodi. Ile karatasi ya plastiki ya rangi inayobandikwa kwenye kioo ili ionekane dirisha la Italia, naipitia haraka zaidi. Baada ya miaka michache ya jua la Ruzizi, Mtakatifu Yosefu hubanduka kuanzia miguuni, na hakuna anayethubutu kumalizia kumbandua. Wengine wataniuliza kuhusu kengele ya rimu ya lori inayoning'inia mwembeni na kupigwa kwa nondo. Kengele hiyo haipitishi nuru wala haikaliwi. Kwa hiyo kisayansi haipo, ingawa inasikika hadi mtoni.

Sasa Kaliolojia.

Benchi-Mama ni lile la mbao za libuyu, zito, lenye ubao wa kupigia magoti na mgongo ulionyooka kiasi cha kumkumbusha mtu dhambi zake. Halisogezwi na watu wawili. Kingo zake zimelainika kwa viganja vya watu wanaosimama na kukaa, kusimama na kukaa, na katika ubao wa nyuma yapo majina yaliyochongwa kwa msumari na watoto ambao leo ni wajumbe wa baraza la parokia na wanakemea uchongaji. Benchi-Mwanafunzi lililetwa kutoka darasani siku ya ubatizo wa wengi, likasahaulika. Lina tundu la kidau cha wino, na ndani ya tundu hilo, hadi leo, mna sarafu za sadaka zilizokwama. Benchi-Marehemu ni lile lililogeuka kuni siku askari wa upande fulani walipolala kanisani. Halina mbao tena lakini bado lina mahali pake: pale kati ya benchi la nne na la tano, pengo ambalo hakuna anayeweka kitu, na wanawake waliolikalia zamani husimama hapo misa nzima.

Kiti cha plastiki kina hadhi yenye utata. Kinakuja kwa ajili ya harusi na hakirudi. Kinaweza kupangwa juu ya mwenzake, jambo ambalo Benchi-Mama linaliona kama upotovu. Tena kina uwezo wa kuvunjika mguu mmoja polepole wakati wa Injili, na mwenye kukikalia hubaki ameinama upande kwa heshima mpaka «Neno la Bwana». Kiti cha shefu au cha mgeni wa serikali hutambulika kwa kitambaa cha kroshe kilichotandikwa mgongoni. Mgeni akikosa kuja, kitambaa hubaki na kiti hubaki kitupu, na hakuna mama mjamzito anayethubutu kukikaribia. Katika nadharia hiki ndicho kikalio kamili: kimetengwa na tendo la kukaliwa.

Kiti cha kitubio sitakifanyia uainishaji. Tarehe 28 Novemba 1964, kule Baraka, Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha waamini wakati bunduki zilipofika na Bruda Vittorio Faccin alipouawa nje; naye akauawa. Siku hiyo hiyo, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert, mwana wa Kapteni Joubert aliyeweka makazi Mrumbi, magharibi mwa ziwa. Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wanne hao wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024, mbele ya umati uliojaa mji.

Umati huo unatuleta kwenye nadharia yangu kuu, ambayo kwa ajili yake nimekuweka kwenye benchi gumu muda wote huu.

Kule Chartres nuru nyeupe hupita katika kioo cha rangi na kuwaangukia watu waliovaa makoti ya kijivu. Kwetu nuru nyeupe hupita katika tobo lisilo na rangi yoyote, na kuangukia vitenge. Nenda Jumapili, kaa nyuma, na utazame upande wa akina mama saa mbili asubuhi, klostra ikiwa imetupa mistari yake kwenye safu za mbele: manjano ya tausi, nyekundu ya shaba, na bluu, bluu kwelikweli, ile iliyotupita njia na kurudi kwetu ikiwa nguo. Mabega yakisogea wakati wa Utukufu, dirisha lote linasogea. Hitimisho halikwepeki: makanisa ya uwanda yana madirisha ya rangi, ila yamekaa kwenye mabenchi, yanaimba, na baada ya misa yanakwenda nyumbani kuinjika fufu. Jambo hili naliita Kitengevitro, na ndilo linalounganisha Tobolojia na Kaliolojia. Wale waliotaka tuyatenge matawi haya wamejibiwa hata kabla ya nafasi kuisha.

Kitengevitro ina matatizo yake ya ndani, na moja limenikosesha usingizi. Vitenge vya sikukuu huchapwa sura: Bikira Maria, papa, askofu wa jubilei, watakatifu. Fundi cherehani anapokata gauni, sura hizo hugawanyika bila kufuata ngazi yoyote ya Kanisa. Hivyo yupo Mtakatifu wa Mgongoni, anayetazama walio nyuma na kuwakanya wasisinzie. Yupo Mtakatifu wa Mkononi, aliyekatwa nusu kwenye mshono, mwenye jicho moja. Na yupo, niandike tu, Mtakatifu wa Kikalioni, ambaye mvaaji humkalia kila anapoambiwa aketi. Je, anakaliwa yeye au inakaliwa picha yake? Je, fundi atende dhambi ya kupoteza kitambaa ili amwepushe? Nilimuuliza mama mmoja mwenye cherehani ya kukanyaga, mwanakwaya. Alinitazama kwa muda, akanyoosha kitambaa mezani, akasema: «Mimi huwa ninamuweka askofu chini, Mama Maria juu. Askofu amezoea kukaa.» Nimeuingiza mfumo wake katika muhtasari wa mwaka ujao, bila kubadili neno.

Kazi ya nje kwa wiki hii. Utaingia kanisani kabla ya kengele ambayo haipo. Utakaa benchi la tatu upande wa kushoto, mwisho wa benchi, ukiwa na daftari, rula na uzi. Utapima urefu wa mhimili mmoja wa Nuru-Mwili na kurekodi ni vitenge vingapi mhimili huo umegusa kabla ya somo la kwanza. Hutamnyooshea mtu kidole. Hutasimama juu ya benchi. Protokole mwenye utepe kifuani atakuja kukuambia usogee, kwa sababu hapo ni pa akina mama. Sogea, lakini andika namba ya benchi kwanza.